Mlango Mmoja: Kutafuta Kiatu cha Baiskeli Kinachomfaa Mama

Mwanamke wa Kisukuma na baiskeli yake hawahitaji kutambulishwa kwa msomaji wa Kanda ya Ziwa. Simama pale Igoma, kwenye barabara iendayo Musoma, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nawe utawaona wakija kutoka upande wa Kisesa. Huyu amefunga madumu ya maziwa kwenye keria, yule amembeba mtoto mgongoni na fungu la mchicha mbele, na wa tatu ni mwalimu, mfuko wa madaftari unaning'inia kwenye usukani. Wageni kutoka miji ambako bado watu hugeuka kumtazama mama akiwa juu ya baiskeli hushangaa sana wakifika Mwanza. Hapa hakuna anayegeuka.

Mimi huwatazama miguuni. Ni mazoea ya kazi ya uuguzi, hayaniachi hata nikiwa barabarani. Wengi huendesha kwa kandambili au yeboyebo. Wengine huvaa viatu vya kanisani vilivyozeeka, vyenye kisigino kinachoteleza juu ya pedali. Kandambili hupinda katikati kila unaposukuma, na uzito wote hubaki kwenye sehemu ndogo ya unyayo, pale nyuma ya vidole. Mvua ikinyesha mguu huchomoka, na kidole gumba ndicho hufika kwanza kwenye lami. Nimefunga vidole vya namna hiyo vingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kwa mtu mwenye afya, kidonda kama hicho hupona kwa wiki mbili au tatu. Wapo ambao hakiponi.

Kanisani kwetu tunao akina mama wanaojitolea kuwatembelea wagonjwa majumbani. Mmoja wao, mama wa watoto watano, huzunguka kwa baiskeli kilomita 14 hivi kwa siku, kutoka Igoma hadi vijiji vya pembeni na kurudi. Ana ugonjwa wa kisukari, huu ni mwaka wa saba. Mwezi uliopita nilimpima miguu kwa ule uzi mgumu wa plastiki ambao hupinda ukisukumwa kwa nguvu ya gramu 10. Unaugusisha chini ya unyayo huku mgonjwa amefumba macho, naye anasema anaposikia. Mwenzangu huyu alikaa kimya mara tatu katika mguu wa kulia nilipomgusa chini ya kidole gumba na chini ya kidole kidogo. Alidhani bado sijaanza.

Alikuwa amevaa raba namba 38. Alipoivua, kidole kidogo kilikuwa na alama iliyozama, kama alama ya kamba kwenye mkono. Nikamuuliza kama kiatu kinambana. Akanijibu, "Hapana dada, hiki ndicho kinanishika vizuri. Vingine vyote vinapwaya."

Akina mama, jibu hilo lilinitia hofu kuliko ile alama. Mguu ulioanza kufa ganzi hupenda kiatu kinachobana, kwa sababu ndicho pekee unachokisikia. Kiatu cha saizi yake huuona kama hakipo. Ndiyo maana nilimwambia kwamba safari hii hatutauliza mguu wake unapenda nini. Tutaupima, kisha twende Mlango Mmoja.

Boksi la sabuni

Tulimpima nyumbani kwake siku ya Alhamisi saa tisa alasiri, akiwa ameshatembea kutwa. Asubuhi mguu huwa mwembamba, na kadiri siku inavyokwenda huvimba kidogo. Kiatu kilichonunuliwa saa mbili asubuhi kinaweza kukuadhibu saa kumi jioni.

Chukua boksi gumu, ulikate na kulilaza chini, usimame juu yake kwa miguu yote miwili huku uzito umegawanyika sawasawa. Usikae kitini, maana mguu usiobeba mwili ni mfupi zaidi. Mtu mwingine achore kuzunguka mguu, kalamu ikiwa wima. Ukijichora mwenyewe utainama, na mguu utasogea. Kisha pima kwa rula kutoka nyuma ya kisigino hadi ncha ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe gumba. Pima na upana mahali mguu ulipo mpana kabisa.

Mguu wa kushoto wa mwenzangu ulikuwa sentimita 24.3. Wa kulia ulikuwa 24.8. Tofauti ya namna hiyo ni ya kawaida, na kiatu hununuliwa kwa mguu mkubwa. Lakini yeye aliduwaa. Amevaa namba 38 tangu alipoolewa, na hakuona sababu ya mguu kubadilika baada ya mtu kuwa mtu mzima.

Sababu ipo, nayo inatuhusu wengi wetu tunaosoma ukurasa huu. Mimba hulegeza kano, uzito huongezeka, na upinde wa unyayo hushuka. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapima wanawake miguu mwanzoni mwa ujauzito na tena miezi mitano baada ya kujifungua. Wengi wao miguu ilikuwa imerefuka, kati ya milimita 2 na 10, na mimba ya kwanza ndiyo iliyoonekana kuleta mabadiliko zaidi. Kwa hiyo mama mwenye watoto watano anayeng'ang'ania namba ya siku ya harusi anamnunulia viatu msichana ambaye hayupo tena.

Tulikata mchoro wa mguu wa kulia, halafu tukaongeza sentimita moja mbele ya vidole. Wataalamu wa miguu ya wagonjwa wa kisukari wanashauri kiatu kiwe kirefu kuliko mguu kwa sentimita 1 hadi 2 kwa ndani. Mwendesha baiskeli asiye na ugonjwa anaweza kuridhika na nafasi ndogo zaidi, hata nusu sentimita, maana juu ya pedali mguu hauvingirishi kama wakati wa kutembea. Lakini akina mama wetu hawapandi tu. Wanashuka, wanakokota baiskeli mlimani, wanaingia nyumba za watu. Tukashika sentimita moja.

Sokoni

Mlango Mmoja ni soko la mitumba lisilo mbali na katikati ya jiji la Mwanza, na licha ya jina lake mimi sijawahi kutoka kwa njia niliyoingilia. Ukiwa ndani huoni tena ziwa wala ile miamba iliyolipa jiji jina. Unaona turubai, na chini yake nguo hadi upeo wa macho. Kwanza mashuka, kisha suruali, kisha mapazia, na hatimaye unasikia sauti ya brashi. Ukisikia brashi, umefika kwenye viatu.

Vijana wa viatu ni wasafi wa ajabu. Kila mmoja ana ndoo ya maji ya sabuni, mswaki mzee na kopo la rangi. Kiatu kilichotoka kwenye belo kikiwa kimebonyea hujazwa magazeti, husuguliwa, hupakwa, na baada ya saa moja ungeapa kwamba hakijawahi kukanyaga ardhi. Nawasifu, lakini nawaambia akina mama: mng'ao wa juu ni kazi ya muuzaji. Kazi yako wewe iko chini na ndani.

"Mwangaluka, mayu," kijana mmoja alimsalimia mwenzangu, kisha mimi akanipa shikamoo. Tulipomwambia tunachotaka akacheka. "Njumu za baiskeli? Zipo, mama. Watu hawazijui, ninaziuza pamoja na njumu za mpira." Akapanda juu ya stuli na kutuangushia jozi nne zilizofungwa kwa kamba.

Kiatu halisi cha baiskeli utakijua kwa soli. Kamata mbele na nyuma, jaribu kukikunja. Hakikunjiki, au kinakunjika kwa shida, na huo ndio uzuri wake, kwani soli ngumu husambaza uzito kwenye unyayo mzima. Kisha kigeuze. Ukiona matundu matatu yaliyopangwa kama pembetatu kwenye soli laini kama sahani, hicho ni cha mashindano ya barabarani. Hufungwa kipande cha plastiki kinachonasa kwenye pedali maalumu, aina iliyoletwa sokoni na kampuni ya LOOK ya Ufaransa mwaka 1984. Mwaka uliofuata Bernard Hinault alishinda nayo Tour de France. Kwa Hinault ilifaa. Kwa mama mwenye Phoenix na pedali bapa, soli ile ni kama sabuni juu ya kigae, na akishuka kwenye mawe ya Mabatini ataanguka kabla hajapiga hatua tatu. Jozi mbili kati ya nne zilikuwa za aina hiyo. Tukazirudisha.

Aina ya pili ina soli ya mpira yenye meno, na katikati kuna kishimo chenye mifereji miwili midogo, mara nyingi kimezibwa kwa kifuniko. Hiki ni cha baiskeli za milimani. Chuma cha kunasia hufungwa ndani ya kishimo, lakini bila chuma hicho unabaki na kiatu cha kawaida, kigumu chini, kinachoshika pedali bapa vizuri na kutembeka. Hiki ndicho mama akitafute. Hakikisha kifuniko kipo, la sivyo matope na kokoto vitaingia. Kama huna bahati ya kukipata, raba ya soli bapa na ngumu inatosha kabisa. Kinachoharibu ni raba laini ya kukimbilia, yenye soli nene kama godoro.

Namba zilizo kwenye ulimi

Jozi ya kwanza iliyobaki ilikuwa nyeupe, nzuri kweli, imeandikwa 39. Ya pili ilikuwa nyeusi yenye mistari ya kijivu, imeandikwa 41. Bila hata kufikiri mwenzangu alikwenda kwa nyeupe.

Nitasema kidogo kuhusu namba hizi, maana zimewapotosha wengi. Namba za Ulaya hazipimi mguu wako. Zinapima kalibu, yaani ule mfano wa mguu ambao kiatu hushonewa juu yake, na kila namba moja ni theluthi mbili za sentimita, karibu milimita 7. Kiwanda kimoja huacha nafasi kubwa kati ya mguu na kalibu, kingine ndogo, na hapo ndipo 39 ya huyu inakuwa 40 ya yule. Viatu vya baiskeli kutoka Italia vinasifika kwa wembamba. Soma badala yake ile namba ya sentimita iliyoandikwa kwa herufi ndogo kwenye ulimi au ndani ya kisigino, ikiwapo. Viatu kutoka Korea huandikwa milimita, kwa hiyo 250 maana yake ni mguu wa sentimita 25. Kwa hesabu za Shimano, namba 40 ni ya mguu wa sentimita 25.2.

Mwenzangu alivaa ile nyeupe, akasimama, uso ukang'aa. "Hiki ndicho changu."

"Mama mwenyewe amesema kimemkaa," kijana akadakia. "Mteja ndiye anayejua mguu wake."

Sikubishana na yeyote kati yao. Nilitoa boksi letu na kulisukuma polepole ndani ya kiatu cha kulia. Liliingia mpaka mbele, halafu likainua mgongo. Tulipolichomoa, lilikuwa limekunjika mahali pale pale penye alama ya kidole chake kidogo. Akaliangalia kwa muda bila kusema kitu. Kijana naye alinyamaza, kisha akaniuliza lile boksi nimelitoa wapi.

Ile nyeupe ilikuwa na kasoro nyingine ambayo inafaa kila mnunuzi wa mitumba aijue. Bonyeza kwa ukucha pembeni mwa soli, kati ya mpira wa chini na ngozi ya juu. Plastiki laini inayowekwa hapo huoza yenyewe kwa miaka, kwa unyevu wa hewa tu, hata kama kiatu hakijavaliwa kamwe. Kwa nje kinaonekana kipya. Ukibonyeza, kinatoa unga au kinapasuka kama jibini kavu. Kile cheupe kilitoa unga. Kiatu kama hicho huacha soli yake barabarani mchana wa jua kali, na fundi hawezi kukiokoa, kwa sababu hakuna kinachoshikilia uzi.

Kile cheusi kilipita. Boksi liliingia likalala, na kidole changu cha shahada kiliingia kwa shida nyuma ya kisigino wakati vidole vyake vimesogezwa mbele. Niliweka kiatu juu ya meza ya kijana na kukitazama kwa nyuma. Hakikuinama upande wowote, maana yake mwenye kiatu wa kwanza hakuwa na mwendo wa kupinda. Nikatia mkono ndani nikapapasa taratibu hadi mbele, nikitafuta mshono uliochomoza, msumari au kokoto. Mikanda ya kunata ilikuwa imejaa nyuzi na haikushika, lakini hilo ni jambo la sindano na dakika kumi. Juu yake mwenzangu hakuridhika. "Kinapwaya, dada." Tukakaza mikanda, akatembea hadi kwenye mapazia na kurudi. Kisigino hakikuinuka. Nikamwambia asikisikilize kiatu, atazame kisigino tu. Akatembea tena akiwa ameinamisha shingo, akacheka.

Bei ilianzia shilingi elfu hamsini na kuishia elfu thelathini na mbili, baada ya kijana kutukumbusha mara mbili kwamba kwa Wazungu ni bei ya mbuzi.

Juu ya pedali na nyumbani

Usimalize bila kukijaribu juu ya baiskeli. Nje ya soko tulimwomba mwendesha baiskeli mmoja wa abiria atushikie yake huku mwenzangu amekaa juu. Kile kinundu kipana cha unyayo, nyuma ya kidole gumba, kikae juu ya katikati ya pedali. Wengi wetu husukuma kwa katikati ya mguu. Tulizungusha pedali kinyumenyume kuona kama kisigino kinagonga mkono wa pedali au fremu. Ncha za mikanda zielekee nje, na kama kiatu ni cha kamba, vifundo viingizwe ndani, hasa mguu wa kulia ulio upande wa cheni.

Kiatu cha mtumba kimekuja na fangasi wa mtu mwingine, hata kikinukia sabuni. Toa soli ya ndani uitupe, ununue mpya. Osha ndani kwa maji ya sabuni, kauke kabisa, siyo nusu. Usikianike juani kutwa nzima, gundi italegea. Kivuli chenye upepo kinatosha. Kwa fundi viatu, omba ashone soli kuizunguka hata kama haijaachia. Kisha soksi, za pamba, zisizo na mpira mkali juu.

Siku ya kwanza mwenzangu alivaa saa moja tu, ndani ya nyumba, siku ya pili saa mbili. Kila anapovua, bintiye humkagua miguu juu na chini na katikati ya vidole, maana mama mwenyewe macho na ganzi vimempunguzia uhakika. Vitabu vingi husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo gusa kwa mgongo wa kiganja. Mahali penye joto kuliko pengine, na joto hilo likadumu nusu saa baada ya kuvua, pamebanwa. Mama ambaye tayari ana kidonda, lengelenge au mguu uliobadilika umbo asianzie sokoni kwa viatu, aanzie kliniki. Hilo nalisema bila kupunguza neno.

Kwake, joto lilionekana siku ya nne, juu ya kidole kidogo cha kulia. Fundi alitia kijiti cha mviringo ndani, akalowesha ngozi na kuitanua usiku mzima, na siku ya sita halikuwapo. Sasa amerudi kwenye ziara zake. Tatizo lililobaki ni masika, kwani kiatu kilicholowa huchukua siku mbili kukauka, na mguu wenye kisukari haufai kukaa ndani ya kiatu kibichi. Anahitaji jozi ya kubadilishia. Boksi letu tumemwachia yule kijana wa Mlango Mmoja; amelitundika kwenye msumari juu ya njumu, na ameahidi kulijaribisha kila belo linapofunguliwa.